Kupimiwa fimbo za gofu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gomesi ya kwanjula, yaani vazi la sherehe ya utambulisho wa wachumba, tunampelekea fundi atupime kuanzia mabegani. Fimbo za gofu, zenye bei kubwa zaidi, tunazichukua bila kupimiwa zituenee, kwa kuvutiwa na rangi. Ukiuliza kwa nini, utasikia maneno yaleyale, uwe kwenye uwanja wa gofu wa Kitante au wa Entebbe.

"Kupimiwa ni kwa wachezaji wa kulipwa, mimi ndiyo kwanza najifunza." Hili linaniuma kuliko yote, maana nililiamini. Nilianza na seti ya shemeji yangu. Yeye ni mfupi, mimi ni mrefu. Kwa miaka miwili mipira yangu ilikwenda kulia, nikajizoeza kupindisha viganja ili niirudishe kushoto. Siku moja pale Jinja kedi, mbebaji wa fimbo zangu, akaniambia, "Dada, hebu nipe hiyo namba 7." Akaigeuza fimbo hiyo ya chuma. Chini ya kichwa chake, upande wa ncha ulio mbali na mpini, palikuwa pamesuguliwa mpaka panang'aa. Upande wa kisigino, karibu na mpini, palikuwa kama papya. Ncha ilikuwa ikichimba ardhi huku kisigino kikielea, na kwa anayecheza kwa mkono wa kulia, fimbo ikilala mno hivyo, uso wake, yaani upande unaogonga mpira, huelekea kulia hata ukipiga vizuri. Ikisimama mno, yaani mpini ukikaribia kuwa wima, ncha huinuka na mpira huenda kushoto.

Mchezaji mzoefu hushtuka mapema fimbo isipomfaa. Anayeanza hujilaumu mwenyewe, kisha mwili wake unajifunza kosa la pili ili kuficha la kwanza. Ndiyo maana nasema mgeni wa mchezo ndiye wa kupimiwa kabla ya wote.

Nyuma ya chuma kulikuwa na kitone cha rangi ya machungwa nilichodhani ni pambo. Kumbe ni kipimo. Kampuni ya Ping ya Marekani, iliyoanzishwa na Karsten Solheim, ilianza kutumia vitone hivyo miaka ya 1970: cheusi ni mkao wa kawaida, cha machungwa ni fimbo iliyolazwa, cha kijani ni iliyosimamishwa. Kwa hiyo hata ukinunua za mitumba, tazama kitone kabla hujatoa pesa.

"Bila mashine huwezi kupimiwa." Kwa draiva, fimbo ya kupigia mbali, mashine ya rada husaidia kweli, kwa sababu inaonyesha kasi ya mpira, pembe mpira unayopaa nayo na jinsi mpira unavyozunguka. Lakini mkao wa fimbo za chuma unaweza kuukagua kwa kalamu ya wino mzito. Chora mstari mnene kwenye mpira, uuweke wima ukitazamana na uso wa fimbo, kisha piga. Alama itabaki kwenye chuma. Ikiwa wima, uko sawa. Juu yake ikiinamia ncha, fimbo imesimama mno. Ikiinamia kisigino, imelala mno.

"Mwanamke achukue seti ya wanawake." Kinachoamua shafti, yaani mpini wa fimbo, ni kasi na namna unavyopiga, na wapo akina dada wanaowazidi kasi wanaume wengi. Isitoshe, viwanda havina kipimo kimoja cha ugumu: herufi ileile ya ugumu kwenye shafti za kampuni mbili inaweza kuwa na maana mbili.

"Namba 7 inayofika mbali ndiyo bora." Namba 7 nyingi za zamani zilikuwa na uso ulioinama nyuma kwa digrii 34 au 35, nyingi za leo zina 30 au pungufu, yaani ni namba 6 ya jana yenye jina jipya. Tena Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira hufika mbali kuliko Mombasa. Umbali uliopimiwa pwani usiubebe kama ulivyo.

Kuhusu gharama, sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14, haikulazimishi kuzijaza. Pimiwa nusu ya seti kwanza.

Ile seti nilimuuzia mwenzangu wa kazini, mfupi kama shemeji. Juzi nilimwomba namba 7 nikaigeuza. Imeanza kung'aa katikati.