Kisukuku kisichojua kwao

Wiki iliyopita niliongoza watu 12 kutafuta visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika ardhini, kwenye kijito. Maji hayajatufika magotini, mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, nimepata!" Lilikuwa jino la papa, jeusi, ncha bado inachoma. Swali likawa lile la kila safari: papa kafikaje huku nchi kavu?

Papa hakuja huku. Bahari ndiyo iliyokuwa hapa. Papa hung'oka meno kwa maelfu maishani mwake na kuota mengine. Gegedu la mwili wake, lile tishu laini lililo badala ya mifupa, huoza upesi, lakini jino ni gumu, hufukiwa topeni, na madini ya pale hulitia rangi. Mwaka 1667 Nicolaus Steno, mtaalamu wa anatomia kutoka Denmark aliyekuwa amepasua kichwa cha papa mkubwa, alieleza kwamba "ndimi za mawe" zilizokuwa zikiokotwa ardhini ni meno ya papa. Kabla yake wengi walidhani ni ndimi za nyoka.

Kijito hukusaidia kuchambua. Vitu vizito hutua mkondo unapolegea: upande wa ndani wa kona, nyuma ya majabali, chini ya changarawe. Hapo ndipo tulipozamisha chekeche, zenye matundu ya milimita 6 hivi. Mmoja aliniletea mfupa kwa furaha, wa mbuzi. Mfupa uliogeuka jiwe ni mzito, na ukiugonga hulia kama kigae. Wapo wanaolamba, kwa kuwa mfupa wa kale hunata ulimini. Kwenye kijito kinachonywesha mifugo, sishauri.

Tatizo ni kwamba kisukuku cha kijitoni kimeshahama. Jino la mamilioni ya miaka hulala ubavuni mwa konokono aliyekufa jana, na tabaka la ardhi ambalo lingetuambia umri wake haliko. Ndiyo maana napenda kwenda na kundi. Niliwagawa wawili wawili, kila jozi na kipande chake cha kijito, wapande kuelekea juu. Vipande vilivyolainika na kuviringika vimesafiri mbali. Vyenye kingo kali vimetoka karibu. Meno yakikoma ghafla, umeshapita chanzo.

Jozi ya tatu ilirudi na chekeche tupu. Tukashuka taratibu tukikagua kingo, na hatua chache chini tukaona ufito wa changarawe ya kijivu kwenye udongo, jino limejitokeza nusu. Tulipiga picha, tukapima kimo kutoka majini, tukaweka alama ya mahali kwenye simu. Hatukuligusa. Kibali chetu kilikuwa cha kuokota majini, si cha kuchimba ukingo.

Jioni kila mfuko ulitiwa kikaratasi: tarehe, jozi, kona ya ngapi. Mmoja ulirudi bila maandishi yoyote, nao ndio wenye meno mazuri kuliko yote. Nimeyamimina kwenye kopo la kuchezea watoto.