Nyuti mkubwa si mlezi wa wadogo

Wafugaji wengi wa nyuti, wale salamanda wadogo wa majini, huamini kwamba wakubwa na wadogo wakiwekwa kwenye akwaria moja wataishi kama familia. Si kweli. Nyuti hana malezi. Jike wa spishi nyingi hukunja jani juu ya kila yai kwa miguu ya nyuma, kazi ya subira kweli kweli, halafu akilikuta yai hilohilo liko wazi, analila. Kiluwiluwi mwenye matamvua yaliyochomoza kando ya shingo kwake ni kitoweo tu: kinachotikisika na kuenea mdomoni humezwa.

Hata asipomezwa, mdogo huambulia patupu wakati wa kula, au hung'atwa mguu ukidhaniwa mnyoo. (Mguu huota tena, lakini hiyo si ruhusa.)

Kuna jingine linalosahaulika: wadogo wa spishi nyingi, matamvua yakishanyauka, huhama maji na kuishi nchi kavu, pengine kwa miaka 2 au 3. Ukiwabakiza kwenye maji ya kina yasiyo na pa kupandia, wanaweza kufa maji. Watenge hadi walingane kimo na wakubwa, na hata hapo wawe wa spishi moja, maana sumu za ngozi zao hutofautiana.