Rangi Inayokauka kwa Unyevu

Wageni wanaoingia karakana ninayofanyia kazi hapa Kyoto huinama kwanza chini ya meza kutafuta misumari. Hawaioni. Kazi hii ya kuunda samani huitwa sashimono: mbao hushikana kwa ulimi na tundu, vyote vikikatwa kwa msumeno wa kuvuta na patasi. Mimi kinachonishangaza hadi leo ni jinsi mafundi hawa wanavyoyatumia maji.

Mbao haitulii hata mti ukishakatwa. Ikivuta unyevu inatanuka, hewa ikikauka inasinyaa, na ukiifunga kwa misumari isogee wapi? Inapasuka. Fundi wa huku anautumia mwendo huo. Ulimi anauacha mnene kidogo kuliko tundu, kisha anaugongagonga kwa upande wa nyundo uliobinuka mpaka nyuzi zibonyee bila kukatika. Wanaita kigoroshi, yaani kuua mti. Jina hilo silipendi, maana mti wenyewe unafufuka: ulimi ukishaingia unavuta unyevu, unavimba, unajibana humo ndani.

Urushi ndiyo iliyonitesa zaidi. Ni rangi ya kupaka mbao, utomvu unaokingwa kwa kuchanja gome la mti wa jina hilohilo, kuanzia Juni hadi vuli, na mti uliotunzwa miaka 10 hadi 15 hutoa kiasi cha gramu 200 tu kwa msimu. Sinia langu la kwanza nililianika juani, kama nilivyozoea kwa vanishi. Siku ya tatu bado linanata. Mwalimu wangu akalichukua kimya kimya, akaliweka kwenye kabati la mbao alilolilowesha ndani kwa kitambaa. Kumbe urushi hugandishwa na kimeng'enya chake, lakasi, nacho kinataka unyevu wa asilimia 70 hadi 85 na nyuzijoto 20 hadi 30. Kesho yake asubuhi nilipitisha kidole, kikateleza.

Mikono nayo iliniwasha wiki nzima. Sisi tuliokulia Mtwara tunaujua moto huo. Mti wa urushi ni jamaa wa mkorosho na mwembe, na mafuta ya ganda la korosho yanayochubua vidole vya wabanguaji yana kemikali za ukoo uleule. Japani kuna hata rangi ya bei nafuu inayotengenezwa kwa mafuta hayo, kuiga urushi.

Meza ya mkeyaki, mti wa Japani, naimalizia kwa fuki-urushi: napaka, nafuta yote kwa kitambaa, naweka kabatini, nasugua kwa msasa laini, narudia mara 6 au 7. Kwenye mpako wa nne mistari ya mbao huanza kuonekana kutoka chini, kama mchanga wa pwani maji yakiwa maangavu.

Ukiwa na meza kama hiyo nyumbani, chai ya moto au siki isikutie hofu. Iepushe na dirisha linalopigwa na jua. Ikififia, irudishe kwa fundi. Urushi mpya hupakwa juu ya ileile ya zamani.