Nanofluidi: kupitisha joto si kupoza

Nanofluidi ni kimiminika cha kawaida, tuseme maji au mafuta, kilichotiwa chembe ngumu zisizozidi nanomita 100 kwa upana. Jina hilo lilitoka kwa Stephen Choi wa maabara ya Argonne, Marekani, mwaka 1995. Shaba hupitisha joto mara mamia kuliko maji. Basi itiwe ndani ya maji, ikiwa laini kiasi cha kutozama upesi wala kukwangua mabomba.

Tatizo ni hii kauli inayorudiwa kila mahali, kwamba nanofluidi "inaongeza upozaji kwa asilimia 40". Asilimia 40 ilipimwa kweli, ikachapishwa 2001. Ila kilichopimwa ni uwezo wa kupitisha joto wa ethilini glaikoli (kimiminika kinachotiwa kwenye rejeta kuzuia maji yasigande) yenye chembe za shaba, nayo ilikuwa imetulia chomboni. Haikuwa ikizunguka kwenye rejeta. Mwaka 2009 maabara zaidi ya 30 zilipima sampuli zilezile za nanofluidi mbalimbali, na ongezeko likakaribiana na kanuni iliyotokana na kazi ya mwanafizikia Maxwell ya karne ya 19: chembe za mviringo zikiwa asilimia 1 ya ujazo, unapata kama asilimia 3.

Kwenye kibadilisha joto kimiminika hutembea, na hapo mambo mengine huingia. Chembe huongeza mnato, yaani uzito wa kutiririka, pampu ikalemewa. Hata uwezo wa kubeba joto hupungua: kilo ya maji hubeba kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja, kilo ya oksidi ya alumini haifikishi hata 1. Baya zaidi ni kulinganisha vimiminika viwili kwa namba ileile ya Reynolds, kipimo cha mtiririko kinachopanda kasi ikiongezeka na kushuka mnato ukiongezeka. Chenye mnato mkubwa hakiifikii namba hiyo mpaka kisukumwe kwa kasi zaidi, kisha kazi iliyofanywa na kasi wanasifiwa chembe! Ulinganisho wa haki ni pampu zote mbili kula umeme sawa.

Na kwenye rejeta ya gari, joto hukwama zaidi upande wa hewa. Matope yakiziba mapezi, yaani vibati vyembamba vya nje, kubadilisha kilichomo ndani ya mirija hakusaidii sana.

Kwa hiyo ni sahihi kusema nanofluidi inapitisha joto zaidi kuliko kimiminika ilichotengenezwa nacho. Ukisema inapoza zaidi, tafadhali taja na pampu ilikula umeme kiasi gani.