Injini ikizimika, ndege haianguki kama jiwe

Kila habari ya ndege ndogo ya mafunzo kuanguka inapofika Dar es Salaam, vijiweni kuanzia Kipawa hadi Gongo la Mboto husikika kauli ile ile: injini ilizima, wangefanya nini? Si hivyo. Kinachoibeba ndege ni hewa inayopita kwenye mabawa. Kazi ya injini ni kuisukuma. Cessna 172, inayotumika sana kufundishia marubani duniani, ikizimikiwa injini ikiwa mita 900 juu bado inaweza kuteleza hewani kama kilomita 8 pasipo upepo, takriban Ubungo hadi Posta, mradi rubani aishushe pua na kushika mwendo wa karibu kilomita 120 kwa saa. Zoezi hili wakufunzi hulifanya makusudi: hupunguza nguvu ya injini, kisha humwambia mwanafunzi atafute pa kutua.

Hatari kubwa ipo chini, muda mfupi baada ya kuruka. Injini ikikata hapo, mtu hutamani kugeuza arudi uwanjani. Anakata kona kali, mwendo unapungua, naye anavuta usukani ili ndege isishuke. Ukingo wa mbele wa bawa ukiinuka kupita kiasi dhidi ya hewa, bawa hupoteza uwezo wa kubeba, hata injini ikiwa nzima. Ndege inalalia upande mmoja na kuanza kuzunguka, na mita 100 hazitoshi kuiokoa. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kutua mbele, hata kama mbele kuna shamba la mihogo. Ndege ikivunjika, basi. Bei yake itajadiliwa baadaye.