Tiba ya muziki haiondoi uvimbe wa saratani ya matiti

Kwa sababu jina lake lina neno "tiba", wapo wanaoamini kwamba tiba ya muziki inaweza kuchukua nafasi ya upasuaji, mionzi au dawa za saratani ya matiti. Haiwezi, na mgonjwa anayeahirisha matibabu kwa imani hiyo huupa ugonjwa muda wa kusambaa. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kiliidhinisha mwongozo unaoitaja tiba ya muziki miongoni mwa njia za kupunguza wasiwasi na msongo wa mawazo kwa wagonjwa hao, wala si kama dawa ya kuua seli za saratani.

Wengine hukosea upande wa pili, wakidhani kuwa ni redio tu iliyofunguliwa wodini. Mtaalamu aliyeisomea kazi hii huanza kwa kumsikiliza mgonjwa, ajue wimbo upi humtuliza na upi humkumbusha msiba, kisha huimba naye au hupiga ala, akipunguza mwendo wa muziki taratibu ili pumzi za mgonjwa ziufuate. Kwa mwanamke anayesubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, utulivu huo si jambo dogo hata kidogo, ingawa hofu ikizidi ni lazima daktari wake aelezwe.