Kuzungumza na "sehemu za nafsi" huku ukiikabili hofu: dhana potofu kuhusu tiba ya OCD (ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kujirudia)

Dhana: Ukiituliza sehemu ya nafsi inayoogopa, huna haja tena ya kuikabili hofu.

Kukabili hofu huku ukijizuia kutenda kitendo cha shuruti (unachohisi lazima ukirudie ili hofu ipoe), njia iliyoanzia kwa Victor Meyer mjini London mwaka 1966, ndiko kwenye ushahidi mzito. Tiba ya sehemu za nafsi, inayomwona mtu kuwa na sehemu kadhaa ndani yake, kila moja na kazi yake, aliyoiasisi Richard Schwartz wa Marekani miaka ya 1980, bado ina ushahidi mdogo kwa OCD. Basi iwe msaidizi, isishike usukani.

Dhana: Kadiri unavyozungumza na sehemu hiyo, ndivyo unavyopona.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, wakiwamo matabibu. Mtu anayehofia kuacha mlango wazi huiuliza sehemu yake ya ndani: "Kweli nilifunga?" Ikimjibu, hupoa kidogo, kisha huuliza tena. Huko ni kukagua kitasa kwa kutumia kichwa badala ya mkono. Mazungumzo yawe kabla ya zoezi, dakika 2 au 3, na yaihusu kazi ya mlinzi, yaani sehemu inayokusukuma kukagua ili ikukinge, si ukweli wa hofu: "Naona unataka nirudi nikague. Nakusikia, na sirudi." Ukianza kuondoka, nyamaza. Ukijikuta huna budi kurudia maneno hayo mpaka "yakae sawa", ujue yenyewe yamegeuka shuruti, yaache.

Dhana: Wazo la kutisha hufichua tamaa ya sehemu fulani.

Hapana. Kulichimba wazo kutafuta maana yake ni kulilisha. Anayestahili kusikilizwa ni mlinzi, yule anayekusukuma kukagua, kunawa au kuhesabu.

Dhana: Mlinzi akikataa, zoezi lifutwe.

Hushushwa ngazi, halifutwi. Pima hofu kwa 0 hadi 100. Kama kutoka nyumbani bila kukagua ni 85, anza na 40: funga mara moja, kaa nje dakika 10, usiguse kitasa. Walioanzia 90 mara nyingi hukimbilia shuruti za kimyakimya, kama kukumbuka sauti ya ufunguo, kisha husema zoezi halikufaa.

Dhana: Hofu isiposhuka, umeshindwa.

Ikibaki 60 nawe hukukagua, umejifunza kwamba shaka inabebeka. Tabibu aandike ulichotarajia kitokee na kilichotokea. Hilo lina uzito kuliko namba ya mwisho.